Je, Wajua? Kumbukumbu ya Hatua Moja Yatosha Kujenga Ushirikiano
Katika nadharia ya michezo ya mageuko, yaani taaluma inayotumia hisabati kueleza jinsi tabia zinavyoenea au kutoweka kizazi hadi kizazi, mfano unaotumika sana ni mtanziko wa mfungwa, ambamo kila mmoja hunufaika zaidi akimsaliti mwenzake, ilhali wawili wakisalitiana huambulia kidogo kuliko kama wangeshirikiana. Karibu na mwaka 1980, Robert Axelrod wa Marekani alishindanisha programu za kompyuta zilizorudia mchezo huo mara nyingi, na mshindi akawa mkakati mfupi uliowasilishwa na Anatol Rapoport, ambao huanza kwa kushirikiana, kisha huiga hatua ya mwisho ya mpinzani. Hata hivyo, mmoja akikosea, wafuasi wawili wa mkakati huo huendelea kulipizana kisasi hadi kosa jingine litokee. Kinyume chake, mkakati uliochambuliwa mwaka 1993 na Martin Nowak na Karl Sigmund hukumbuka pia hatua yake wenyewe, ukairudia iliyoleta faida na kuibadili iliyoleta hasara, na kwa njia hiyo wafuasi wake wawili hurejea haraka kwenye ushirikiano.