Mawese: Kwa Nini Bei ya Dumu Letu Hupangwa Pia Ng'ambo ya Bahari

Mkazi wa Kigoma anapoulizia gulioni bei ya dumu la lita 20 la mawese, jibu analopewa lina sababu mbili ndani yake. Sababu ya kwanza ni ya hapa nyumbani: mvua zilivyonyesha, mikungu ilivyozaa na idadi ya wanunuzi walioshuka na gari siku hiyo. Sababu ya pili iko mbali: ni maamuzi yanayofanyika Jakarta, Kuala Lumpur na New Delhi, miji ambayo wengi wetu hatujawahi kuiona. Makala haya yanaeleza namna biashara ya mafuta ya mawese inavyoendeshwa duniani, matatizo yanayoikabili, na mambo ambayo mkulima na mlaji wa kata zetu anapaswa kuyazingatia kabla ya kupanda, kukamua au kuuza.

Mti wa Afrika, utajiri wa Asia

Mchikichi ni mti wa Afrika. Asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, na katika mwambao wa Ziwa Tanganyika umekuwapo kwa vizazi vingi, upande wetu kama ilivyo upande wa Burundi na wa Kongo. Hata hivyo, nchi mbili zinazotawala soko la dunia leo ziko Asia. Indonesia na Malaysia kwa pamoja huzalisha zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote ulimwenguni.

Safari hiyo ilianza kwa miche minne tu, iliyopandwa mwaka 1848 katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java. Kwa miaka mingi michikichi ya huko ilikuwa pambo. Mashamba makubwa ya biashara yalianza Sumatra mwaka 1911 na Malaya mwaka 1917. Baada ya hapo nchi hizo ziliwekeza katika utafiti wa mbegu, barabara za mashambani, viwanda vya kukamua na bandari.

Liko jambo moja linaloonyesha uzito wa utafiti huo. Kwa muda mrefu wakulima wa Malaysia walilazimika kuchavusha maua ya michikichi kwa mikono, kwa kuwa mti ulikuwa umehamishwa bila wadudu wake. Mwaka 1981 wataalamu walipeleka huko kidudu kidogo jamii ya fukusi kutoka Kameruni, ambacho kwa asili huchavusha maua hayo. Matunda yakaongezeka na gharama za vibarua wa kuchavusha zikaondoka.

Kwa nini dunia huyahitaji mafuta haya

Uzalishaji wa mawese duniani umefikia takriban tani milioni 75 hadi 80 kwa mwaka. Hakuna mafuta mengine ya mimea yanayofikia kiasi hicho. Soya, alizeti na rapa hufuata nyuma. Sababu kuu ni ardhi. Hekta moja ya michikichi iliyotunzwa vizuri hutoa tani 3 hadi 4 za mafuta kwa mwaka, ilhali hekta ya alizeti hutoa chini ya tani 1 na hekta ya soya karibu nusu tani. Mti mmoja huanza kuzaa ukiwa na miaka 3 au 4 na huendelea kuleta faida kwa takriban miaka 25.

Sababu ya pili ni matumizi. Tunda moja hutoa mafuta ya aina mbili. Nyama ya nje hutoa mawese, na kiini kilichomo ndani ya gamba, ambacho sisi hukiita mise, hutoa mafuta mengine yanayofanana na ya nazi. Kutokana na mafuta haya hupatikana mafuta ya kukaangia, siagi ya mimea, biskuti, sabuni na vipodozi. Mafuta mengi ya dukani yanayoganda wakati wa baridi ni mawese yaliyosafishwa hadi yakapoteza wekundu wake. Wekundu huo una manufaa yake, kwa kuwa una viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Pamoja na hayo, karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayoganda, na wataalamu wa lishe hushauri yatumike kwa kiasi.

Sababu ya tatu ni nishati. Indonesia huchanganya sehemu kubwa ya mawese yake katika dizeli ya magari. Kila kiwango cha uchanganyaji kinapopandishwa, mafuta yanayobaki kwa ajili ya kuuzwa nje hupungua, na mnunuzi wa sufuria hujikuta akishindana na tangi la lori.

Funzo la mwaka 2022

Katikati ya mwaka 2019 tani moja ya mawese ghafi katika soko la Malaysia iliuzwa kwa karibu ringgit 2,000. Mwezi Machi mwaka 2022 bei hiyo ilipita ringgit 7,000. Mambo kadhaa yalikutana. Janga la UVIKO-19 lilifunga mipaka, na mashamba ya Malaysia, ambayo hutegemea vibarua wa kigeni, yakakosa wavunaji. Mwezi Februari mwaka 2022 vita vilizuka nchini Ukraine, nchi ambayo pamoja na Urusi huuza nje sehemu kubwa ya mafuta ya alizeti duniani. Wanunuzi waliokosa alizeti wakakimbilia mawese. Kisha tarehe 28 Aprili mwaka huo Indonesia ikazuia mawese kuuzwa nje ili kutuliza bei kwa wananchi wake. Zuio hilo liliondolewa tarehe 23 Mei.

Yalitufikiaje hayo? Tanzania haijazalisha mafuta ya kula ya kutosheleza mahitaji yake, na sehemu kubwa ya pengo hilo hujazwa na mawese yanayoingia kwa meli kutoka nchi hizo mbili. Mafuta ya nje yanapopanda bei, watengenezaji wa sabuni na wauzaji wa mafuta ya kula hutafuta mbadala wa ndani, nao hufuata mawese ya Kigoma. Bei ikishuka ng'ambo, wanunuzi hao hao hupungua. Hivyo mkulima asiyewahi kuuza hata lita moja nje ya nchi bado yumo katika soko la dunia.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Serikali imelishughulikia jambo hili kwa njia mbili. Ya kwanza ni ushuru wa forodha: katika bajeti ya mwaka 2018/2019 ushuru wa mafuta ghafi ya kula kutoka nje ulipandishwa hadi asilimia 25 na ule wa mafuta yaliyosafishwa hadi asilimia 35, ili kumlinda mzalishaji wa ndani. Njia hii ina pande mbili, kwa kuwa inayomlinda mkulima ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumwongezea gharama mlaji. Ya pili ni kuongeza uzalishaji. Mwaka 2018 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, alizindua mkoani kwetu kampeni ya kufufua zao la michikichi, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikapewa jukumu la kuongoza utafiti na uzalishaji wa mbegu bora.

Lawama zinazoikabili biashara hii

Mafanikio ya Asia yamekuwa na gharama. Misitu mikubwa ya Sumatra na Borneo ilifyekwa, na makazi ya wanyama yakapotea. Mwaka 2015 moto uliowashwa kusafisha ardhi, nyingi ikiwa ya majimaji yenye mboji, ulijaza moshi Indonesia na nchi jirani kwa miezi. Kuhusu wafanyakazi, mwaka 2020 Marekani ilizuia mafuta ya kampuni mbili kubwa za Malaysia kwa tuhuma za kazi ya kulazimishwa.

Wanunuzi wamejibu kwa masharti. Upo utaratibu wa hiari wa kimataifa wa kuthibitisha mawese yaliyozalishwa bila kuharibu misitu wala kuwanyanyasa watu. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayodai kwamba mazao kadhaa, yakiwemo mawese na kahawa, yaonyeshe shamba yalikotoka na kuthibitisha kwamba ardhi hiyo haikufyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wakulima wa kahawa wa nyanda za juu za mkoa wetu hawana budi kuufuatilia.

Wanaolalamikia masharti hayo nao wana hoja. Takriban asilimia 40 ya eneo la michikichi nchini Indonesia ni mali ya wakulima wadogo, ambao hawana ramani wala wataalamu kama kampuni kubwa. Aidha, kuacha mawese si suluhisho jepesi, kwa kuwa kiasi hicho hicho cha mafuta kikitafutwa kwenye soya au alizeti kitahitaji ardhi kubwa zaidi.

Mbegu ndiyo inayoamua

Michikichi mingi ya zamani katika mashamba yetu ni ya aina ya Dura, yenye gamba nene na nyama chembamba. Mbegu bora inayosambazwa sasa ni Tenera, yenye gamba jembamba na nyama nyingi, na kwa hiyo mafuta mengi zaidi kwa kila mkungu. Tenera hupatikana kwa kuzalisha Dura na aina nyingine isiyo na gamba iitwayo Pisifera, chini ya uangalizi wa wataalamu.

Hapa ndipo penye hatari ambayo mkulima anapaswa kuielewa. Ukiokota mbegu chini ya mchikichi wa Tenera uliochavushwa na Tenera wenzake na kuziotesha, hutapata shamba la Tenera. Kwa wastani, kati ya miche minne, miwili itakuwa Tenera, mmoja utarudi kuwa Dura na mmoja utakuwa Pisifera. Pisifera hukua kwa nguvu na hupendeza macho, lakini kwa kawaida mikungu yake huharibika kabla ya kukomaa. Ukiwa kitaluni, miche yote hufanana. Mkulima atakayeuziwa miche ya namna hiyo atagundua baada ya miaka 3 au 4, wakati fedha, nguvu na ardhi vimekwisha kutumika.

Kwa sababu hiyo, miche inunuliwe katika vitalu vinavyojulikana na vinavyoweza kuonyesha mbegu zake zilikotoka, na risiti itunzwe. Kwa mti unaozaa tayari, kata tunda kwa upana: Dura itaonyesha gamba nene lisilo na kitu pembeni yake, na Tenera itaonyesha gamba jembamba lililozungukwa na duara la nyuzi nyeusi.

Ni vema pia matarajio yawe ya kweli. Tani 3 hadi 4 kwa hekta hupatikana katika nchi zenye mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, tena iliyosambaa miezi yote. Kigoma hupata karibu nusu ya kiasi hicho, na kiangazi chetu ni kirefu. Ukame huufanya mchikichi utoe maua dume kwa wingi, na athari yake huweza kuonekana katika mavuno hadi miaka miwili baadaye. Kutandaza matandazo, kupalilia visahani na kutumia mbolea huupunguzia mti shida hiyo.

Kukamua na kutunza

Tunda la mchikichi likishavunwa huanza kuharibika mara moja, na tindikali huongezeka katika mafuta yake kila saa inayopita, hasa likiwa limechubuka. Katika viwanda vya Asia mikungu huchemshwa kwa mvuke ndani ya takriban saa 24. Kwetu, matunda mara nyingi hulundikwa kwa siku kadhaa ili yapukutike kwa urahisi. Kazi huwa nyepesi, lakini mafuta hupatikana yakiwa makali na mnunuzi hupunguza bei. Kuvuna kiasi kinachoweza kukamuliwa mapema, kuchemsha bila kuchelewa, kuondoa maji yote na kuhifadhi katika dumu safi lililofungwa ni hatua zisizohitaji mtaji mkubwa.

Kwa vikundi vinavyotaka mashine za kukamulia, ipo mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maelezo ya masharti na usajili wa vikundi hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Ardhi na vyanzo vya maji

Mchikichi hupenda mabonde yenye unyevu, nayo ndiyo yaliyo kando ya mito na ziwa letu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Kabla ya kufungua shamba jipya, mwananchi aionane na serikali ya kijiji ili mipaka ya shamba, ya msitu wa kijiji na ya chanzo cha maji ijulikane. Yaliyotokea Sumatra yanaonyesha kwamba msitu ukishafyekwa, soko lenyewe huweza kukugeuka.

Hatuwezi kuipangia Indonesia sera zake, wala kuzuia vita vya mbali visipandishe bei. Tunaloweza ni kuwa na mti unaozaa, mafuta yanayokubalika na shamba lisilo na mgogoro, ili bei ikipanda tuwe na cha kuuza, na ikishuka tuwe na cha kupikia. Kwa ushauri wa mbegu, upandaji na utunzaji wa michikichi, wananchi wanaombwa kufika kwa Afisa Ugani wa kata zao kabla msimu wa mvua haujaanza.