Nungunungu shambani: Usihesabu mihogo ukamsahau mbwa

MKULIMA wa mihogo akikuta mashina yamefukuliwa usiku, jambo la kwanza analofikiria ni kumfungulia mbwa. Baba yangu alifanya hivyo. Mbwa alirudi alfajiri na miiba usoni na kifuani. Ya usoni ilitoka, lakini mmoja wa kifuani ulikatikia ndani. Wiki mbili baadaye mbwa alikufa, na nungunungu akaendelea kula mihogo.

Nungunungu harushi miiba kama wengi wanavyoamini. Akibanwa huisimamisha, hutikisa mkia ukalia, kisha hurudi kinyumenyume kwa nguvu na kumchoma adui. Miiba hung'oka kwake kirahisi na kubaki mwilini mwa mbwa.

Mbwa wako akichomwa, mzuie asijikune wala kujiviringisha chini, kwani miiba huvunjika na kuingia ndani zaidi. Usiikate. Iwapo ni michache na iko juu juu, mfunge mdomo kwa kitambaa, shika mwiba karibu na ngozi kwa koleo, uvute moja kwa moja bila kuupinda, kisha safisha jeraha kwa maji safi yenye chumvi. Miiba ikiwa mingi, au ikiwa mdomoni, kooni, kifuani, tumboni au karibu na jicho, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Ataitoa akiwa amemlaza kwa dawa. Usimpe diklofenaki wala dawa nyingine ya maumivu ya binadamu. Uvimbe au usaha ukitokea siku za baadaye, huenda kipande kimebaki.

Sasa tupige hesabu. Mihogo ikipandwa mita moja kwa mita moja, ekari moja ina mashina takriban 4,000. Tuseme nungunungu anaharibu mashina manane kila usiku. Kwa siku 30 ni mashina 240, yaani asilimia sita. Iwapo kila shina lingetoa kilo mbili, umepoteza kilo 480. Ukiongeza gharama za matibabu ya mbwa, au za kumpata mwingine, utaona kuwa kumtuma mbwa si ulinzi wa bure.

Kinga ya uhakika zaidi ni wavu wa waya imara, urefu wa mita moja juu ya ardhi na sentimita 30 chini, kwa sababu mnyama huyu ni hodari wa kuchimba. Kikwazo ni bei. Ekari moja ya mraba huhitaji wavu wa mita 255 hivi. Lakini wakulima wanne wenye ekari nne zinazopakana kwa umbo la mraba huhitaji mita 510 tu badala ya 1,020. Kila mmoja analipa nusu ya gharama ambayo angelipa akiwa peke yake.

Asiye na uwezo huo afyeke vichaka vya mpakani, asiache mihogo iliyokomaa ikae muda mrefu shambani, na mbwa amfunge karibu na kibanda ili abweke, asifukuze.

Sumu usitumie, itaua mbwa wako na wa jirani. Kumwinda nungunungu bila kibali nako ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Akizidi, toa taarifa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.

Kabla ya msimu ujao, kaa na jirani zako mpime mipaka. Gharama ya wavu mtagawana, lakini mbwa akifa hasara ni yako peke yako.