Mikono Iliyokufa Ganzi Haishiki Breki

Kamusi zetu hulifasiri neno kipupwe kuwa ni majira ya baridi, yaani kipindi cha kati ya mwezi wa Juni na Agosti. Ni neno la pwani, na huko pwani halimtishi mtu. Mkaazi wa Mombasa au Lamu hukipokea kipupwe kama nafuu baada ya joto la kaskazi: usiku hulalika, jasho hupungua na shuka moja hutosha. Lakini lugha husafiri pamoja na watu, na neno hili lilipopanda hadi Limuru, Kinangop, Nyahururu na Timboroa, sehemu zilizo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, lilikuta mambo mengine kabisa. Huko kipupwe ni ukungu usioondoka mapema, ni manyunyu ya kutwa, na ni alfajiri ambazo aghalabu kipimajoto huteremka chini ya nyuzi 10.

Katika alfajiri hizo, wakati wengi wetu tungali tumejifunika gubigubi, mwendesha bodaboda huwa tayari yumo barabarani. Huwabeba wafanyakazi wa mashamba ya chai, wachuuzi waendao sokoni, na hata walimu wetu na wanafunzi wao. Tumezoea kumwona akipuliza pumzi viganjani huku akimsubiri abiria, nasi hutabasamu na kusema kwamba baridi imemweza. Ama kwa hakika, jambo hili halistahili tabasamu. Mikono ya mtu huyo ndiyo inayoushika uhai wake na wa yule aliyempakia, na mikono hiyo ikipoteza hisi, wote wawili wamo hatarini.

Hebu tutafakari kazi ya mikono hiyo. Mkono wa kulia huongeza na kupunguza moto, na ndio pia uvutao breki ya mbele, ambayo katika pikipiki ndiyo yenye nguvu zaidi ya kusimamisha. Mkono wa kushoto hushika klachi. Kazi zote hizi zahitaji vidole vyepesi na vyenye hisi. Sasa, mwili wa mwanadamu una hekima yake: ukihisi baridi, huihifadhi damu yenye joto kwa ajili ya moyo, mapafu na viungo vingine vya ndani, na mishipa midogo ya vidoleni hujibana. Vidole huanza kuuma, kisha huwa vizito, kisha hufa ganzi. Pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hupita takribani mita 17 katika kila sekunde. Kidole kikichelewa sekunde moja tu kuvuta breki, mtoto anayevuka barabara umbali wa mita 17 amekwisha kufikiwa.

Wapo wanaouliza: mbona yule aliyesimama kituoni hatetemeki kama yule anayeendesha, ilhali baridi ni ile ile? Jibu limo katika upepo. Mwili hujizungushia tabaka jembamba la hewa uliyoipasha joto, na upepo hulipeperusha tabaka hilo kila linapojijenga. Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, walilichunguza jambo hili huko Antaktika kwa kupima jinsi maji yalivyoganda upesi au polepole kulingana na upepo, na matokeo yao yakachapishwa mwaka wa 1945. Kanuni inayotumiwa siku hizi nchini Marekani na Kanada ilianza kutumika mwaka wa 2001. Kwa kanuni hiyo, hewa ya nyuzi 10 ikikutana na ngozi tupu kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ngozi hupoteza joto kana kwamba hewa ni ya nyuzi 5 hivi. Huko Ulaya wakati wa theluji, hewa ikiwa nyuzi sufuri na mwendo ukiwa kilomita 80, hali huwa kama nyuzi 10 chini ya sufuri. Kipimajoto hakisongi, lakini mkono husongeka.

Wazungu wa nchi zenye theluji wamepambana na adui huyu kwa muda mrefu. Nchini Ujerumani kuna mkutano maarufu wa waendesha pikipiki, Elefantentreffen, yaani Mkutano wa Ndovu, ulioanza mwaka wa 1956. Jina hilo latokana na pikipiki kubwa ya kampuni ya Zündapp iliyobandikwa lakabu ya ndovu wa kijani. Waendeshaji hukusanyika katikati ya majira ya baridi kali na kulala katika mahema juu ya theluji. Baadhi ya pikipiki zao zina vishikio vinavyopashwa joto kwa umeme. Hata hivyo, kifaa kingine wanachokithamini ni cha hali ya chini kabisa: mfuko mzito unaofungwa kwenye usukani, ambamo mkono huingizwa mzima pamoja na kishikio chake. Msomaji atakumbuka kwamba mifuko ya aina hiyo, iliyoshonwa kwa turubai au ngozi ya bandia, imekwisha kuonekana pia katika bodaboda zetu. Fundi aliyeishona huenda hajawahi kusikia habari za Siple na Passel, lakini ameielewa kanuni yao barabara: zuia upepo kwanza.

Kanuni ya pili ni kuwa mkavu. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Kwa hiyo glavu ya sufu iliyolowa manyunyu humnyang'anya mvaaji joto badala ya kumhifadhia. Mwenye uwezo na anunue glavu isiyopenyeka maji, na asiye nao avae juu ya glavu yake kitu cha kuzuia maji, mradi kisiwe cha kuteleza wala kuzuia vidole kufika kwenye breki. Aidha, glavu isibane. Ikibana huzuia damu, na huifukuza ile hewa tulivu ambayo ndiyo blanketi lenyewe.

Kanuni ya tatu huwashangaza wengi: atakaye mikono yenye joto na akifunike kifua. Maadamu mwili huinyima mikono damu ili kuokoa viungo vya ndani, kifua kikiwa na joto la kutosha mikono nayo hupata fungu lake. Hii ndiyo maana ya koti zito linalovaliwa kinyumenyume, mgongo wake ukielekea mbele, ambalo wapita njia hulicheka. Waendesha baiskeli wa mashindano ya Tour de France nao wamejulikana kwa kutia magazeti vifuani kabla ya kuteremka milima. Gazeti likishasomwa, bado lina manufaa!

Yapo pia mambo ya kuepukwa. Asiipashe mikono iliyokufa ganzi kwa kuibandika kwenye injini au bomba la moshi, kwani ngozi isiyo na hisi huungua bila mwenyewe kujua. Asinywe pombe kwa madai ya kutafuta joto: pombe hupanua mishipa ya ngozi, mtu akahisi joto huku akilipoteza, tena huharibu akili ya uendeshaji. Sigara nayo huibana mishipa ile ile anayotaka kuifungua. Dawa iliyo bora ni kusimama, kuitia mikono kwapani na kuondoka tu vidole vinapotii.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Vijana wengi waendeshao bodaboda walipitia madarasani mwetu. Walifundishwa habari za joto na jinsi linavyosafiri, wakazikariri kwa Kiingereza, wakazijibia mtihani na kuziacha hapo. Mazungumzo yao kituoni ni ya Kiswahili, na somo lile halikuwafuata kituoni. Wala hatuwezi kusingizia uhaba wa msamiati. Ganzi, mzizimo, manyunyu, umande na kipupwe chenyewe ni maneno tuliyoyarithi. Mwalimu wa sayansi na mwalimu wa Kiswahili wakikaa meza moja mwezi wa Mei, kabla ya ukungu kutanda, wanaweza kuwapa wanafunzi insha moja tu: jinsi ya kuilinda mikono ya mwendesha pikipiki. Insha hiyo isomwe darasani, kisha ipelekwe kituoni na kujadiliwa na wanaohusika. Watakaoiandika leo ndio abiria wa kesho asubuhi, na baadhi yao ndio madereva wa mwaka ujao. Tahadhari kabla ya hatari.