Samaki wa Kikaango: Moto Hauondoi Kila Sumu

Leo tuingie jikoni, tupike vipande vya nguru.

Siku moja mama mmoja alifika zahanati yetu na wanawe wawili. Nyuso zinawaka, miili inawasha, vichwa vinagonga, mioyo inaenda mbio. Walikuwa wamekula nguru mchana huo. Mama akaniambia, "Sista, nilimkaanga hadi akakauka!" Kweli, hakukosea kupika. Kosa lilianza mapema: samaki alikaa mfukoni saa nyingi kwenye joto.

Samaki kama nguru na jodari wakikaa kwenye joto, vijidudu hutengeneza ndani ya nyama yao sumu iitwayo histamini. Moto huua vijidudu, lakini sumu hiyo hubaki. Ndimu haiiondoi, wala barafu ya baadaye haiiondoi. Tena samaki huyo huenda asinuke wala asibadilike rangi.

Kwa hivyo mama, anzia sokoni. Nunua kwa muuzaji anayeweka samaki kwenye barafu. Nyama iwe imeshikamana na mfupa, na ukiibonyeza irudi. Maliza shughuli zako nyingine kwanza, ndipo ununue samaki, kisha nenda nyumbani moja kwa moja. Kama huna friji, mpike mara ufikapo.

Sasa jikoni. Nawa mikono kwa sabuni. Kausha vipande kwa kitambaa safi, utie chumvi kidogo, ndimu na kitunguu saumu. Pasha mafuta kidogo kwenye kikaango, upange vipande bila kuvirundika. Kipande chenye unene wa kidole gumba huhitaji dakika 4 hadi 5 kila upande, kwa moto wa wastani. Chokonoa karibu na mfupa wa katikati: nyama iwe nyeupe na iachane na mfupa kwa urahisi. Ikiwa bado inang'aa kama ya mbichi, rudisha motoni.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 naye anaweza kula. Kaanga kipande chake bila chumvi wala pilipili, toa miiba yote kwa vidole, kisha ponda kiwe laini.

Mkiona dalili nilizozitaja, acheni kumla samaki huyo na mwende zahanati. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, usingoje, kimbilia hospitali.