Fomu Isimpotezee Mwombaji Kazi Yake

Steshenari yangu iko Kilindoni, kisiwani Mafia, na msimu wa maombi ya vyuo kazi yetu kubwa ni kujaza fomu mtandaoni. Kijana wa Jibondo huvuka kwa mashua hadi Utende, akapanda bodaboda, akafika na bahasha ya vyeti. Tunajaza namba ya mtihani wa kidato cha nne, taarifa za mlezi, kozi anazozitaka. Anatoka nje kumpigia baba yake amtajie namba ya NIDA. Akirudi, ukurasa unatutaka tuingie upya, na visanduku vyote ni vitupu. "Dada, tuanze tena?" Wakati huo mashua yake inangoja maji.

Dawa ipo, nayo si ghali. Kivinjari kina ghala lake dogo ndani ya simu au kompyuta. Kwa kawaida kila tovuti hupata takriban MB 5, na maandishi ya fomu nzima hayafiki hata robo ya hapo. Kwa hiyo kila mtu anapomaliza kisanduku, jibu lihifadhiwe hapo hapo, mtandao uwepo usiwepo. Mtandao ukirudi, rasimu itumwe kwenye seva.

Kisha fomu iseme kweli. "Imehifadhiwa kwenye simu hii" ni habari moja. "Imefika kwetu" ni nyingine. Mwombaji akirudi, aoneshwe saa na tarehe ya rasimu, aulizwe kama anaendelea nayo au anaanza upya. Isifutwe bila idhini yake.

Mwongozo wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, wa mwaka 2018, katika daraja lake la juu, unataka mtumiaji aonywe ni muda gani wa kutulia utampotezea taarifa, isipokuwa zinatunzwa zaidi ya saa 20. Kwa anayetegemea mashua, saa hizo ni chache. Rasimu ikae hadi siku ya mwisho ya maombi.

Lakini kompyuta ya dukani hutumiwa na wengi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayekusanya taarifa azilinde. Fomu iulize kwanza: kifaa hiki ni chako? Kama sicho, rasimu ikae kwenye seva pekee, ifunguliwe kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu ya mwombaji. Nywila isihifadhiwe kamwe.

Nawaomba watengenezaji: kabla ya kufungua dirisha la maombi, jazeni fomu yenu nusu, zimeni data, fungeni kivinjari, mrudi kesho yake. Mkikuta visanduku vitupu, fomu hiyo bado haijawa tayari kupokea watu.