Nilivyomdanganya Mjomba

Sisi tuliozaliwa bara hatuijui sana pwani. Likizo iliyopita nilikwenda Mombasa kumtazama mjomba wangu, ambaye ni baharia. Maji yalipokupwa nilitembea peku juu ya mwamba, nikakatwa mguu na vijumba vidogo vyeupe, vikali kama vigae, vilivyoganda jiweni. Mjomba akacheka, akasema, "Hao ndio maadui zetu. Huganda chini ya chombo mpaka kikawa kizito." Nami kwa kujiona msomi nikamwambia kwamba ni jamaa ya konokono na chaza. Akaniamini, akawaeleza na wenzake.

Niliporudi shuleni mwalimu alinisahihisha: wadudu hao ni jamaa ya kamba na kaa!

Hata Cuvier, bingwa wa Ufaransa, aliwahesabu pamoja na chaza. Aliyefichua siri mwaka 1830 ni John Vaughan Thompson, daktari wa jeshi huko Ireland. Aliweka vidudu viogeleavyo katika chombo cha maji ya bahari, akaona vikiganda na kugeuka kuwa vijumba hivi. Utotoni mdudu huyu huogelea kwa miguu yenye viungo, kama watoto wa kamba. Kisha hushika jiwe kwa vipapasio vya kichwani, hutoa gundi, hujijengea nyumba ya chokaa, na kukaa humo kichwa chini maisha yake yote, akipunga miguu majini ili kuvuta chakula.

Yuko na mwenzao, Sacculina, asiye na nyumba wala miguu, ambaye hutambaa kama mizizi ndani ya mwili wa kaa. Ukimtazama mkubwa hutajua ukoo wake. Ukimwona mtoto wake utajua mara moja.

Tena Charles Darwin aliwachunguza kwa miaka 8, kutoka 1846 hadi 1854, walio hai na waliogeuka mawe. Leo tunajua kwamba walio wakongwe, wenye vikonyo, wana umri wa zaidi ya miaka milioni 300. Wasio na vikonyo, kama walionikata mimi, walitokea baadaye sana, katika zama za mwisho za dinosauri.

Basi, ndugu zangu, tusiamue ukoo wa kiumbe kwa kutazama nyumba yake tu. Mimi nimekwisha mwandikia mjomba barua, nikimwomba awaambie wenzake kuwa msomi wao alikosa.