Uchaguzi wa Sare Zanzibar 1961: Kiti Kimoja Kilivyoongezwa na Mgogoro Ukabaki

Uchaguzi uliofanyika Zanzibar tarehe 17 Januari 1961 ulimalizika bila mshindi. Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa na viti 22 vya kuchaguliwa, na vyama vilipokwisha kupanga safu zao kila upande ulijikuta na viti 11. Hakuna upande ulioweza kuunda serikali. Katika miaka mitatu iliyofuata visiwa hivyo vilishuhudia uchaguzi wa marudio, vifo vya watu 68, uhuru uliodumu kwa mwezi mmoja tu, Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 na hatimaye Muungano na Tanganyika.

Kwa mwananchi wa Kisiba, wilayani Rungwe, habari hizo zinaweza kuonekana kuwa za mbali, za visiwani na za zama za wakoloni. Hata hivyo, kura anayoipiga leo kumchagua Rais wa Jamhuri ya Muungano huhesabiwa pamoja na kura ya mkazi wa Chake Chake na ya mkazi wa Makunduchi. Aidha, tofauti kati ya karatasi tatu za kura anazopewa mpiga kura wa Rungwe na tano anazopewa mwenzake wa Zanzibar ina chimbuko lake katika matukio ya miaka hiyo.

Vyama vitatu na viti 22

Vyama vilivyoshindana Januari 1961 vilikuwa vitatu. Cha kwanza kilikuwa Afro-Shirazi Party (ASP), kilichoundwa Februari 1957 chini ya uongozi wa Abeid Amani Karume. Cha pili kilikuwa Zanzibar Nationalist Party (ZNP), kilichojulikana zaidi kwa jina la Hizbu, ambacho Ali Muhsin Barwani alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Cha tatu kilikuwa Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP), kilichotokana na mgawanyiko ndani ya ASP mwishoni mwa mwaka 1959 na kuongozwa na Muhammad Shamte.

Matokeo yaliipa ASP viti 10, ZNP viti 9 na ZPPP viti 3. Katika jimbo la Chake Chake, kisiwani Pemba, mgombea wa ASP alishinda kwa tofauti ya kura moja tu. Kura hiyo moja ndiyo iliyoamua mwelekeo wa Baraza zima, kwani kama ingekwenda upande wa pili, ASP ingebaki na viti 9 na ZNP ingekuwa na 10.

Uamuzi ukawa mikononi mwa wajumbe watatu wa ZPPP, nao hawakukubaliana. Wawili, akiwemo Shamte mwenyewe, waliungana na ZNP, na mmoja, Ali Sharif, akarejea upande wa ASP. Hesabu ikawa 11 kwa 11. Serikali ya mpito iliundwa na ikakubaliwa kwamba uchaguzi urudiwe mwezi Juni mwaka huohuo. Ili sare isijirudie, jimbo la 23 lilianzishwa Pemba. Kwa upande wa hesabu suluhisho hilo lilikuwa sahihi, kwa kuwa idadi witiri haigawanyiki nusu kwa nusu. Tatizo ni kwamba sare yenyewe ilikuwa dalili ya jamii iliyogawanyika, na mgawanyiko huo haukuguswa.

Uchaguzi wa Juni na vifo vya watu 68

Wananchi walirudi vituoni tarehe 1 Juni 1961. Miezi minne ya kusubiri ilikuwa imeongeza uhasama. Kila chama kilikuwa na jumuiya zake za vijana, vyama vyake vya wafanyakazi na magazeti yake, na ushindani ulikuwa umefika madukani, mashambani na hata misikitini. Asubuhi ya siku ya kupiga kura zilisikika tuhuma kwamba baadhi ya watu walikuwa wakipiga kura zaidi ya mara moja. Vurugu zikaanza mjini, kisha zikasambaa mashamba ya Unguja. Watu 68 walipoteza maisha na zaidi ya 300 walijeruhiwa. Serikali ya kikoloni iliomba askari kutoka nje ya visiwa, ikatangaza hali ya hatari na baadaye tume ya uchunguzi iliundwa chini ya Sir Stafford Foster-Sutton.

Matokeo yalikuwa ASP viti 10, ZNP viti 10 na ZPPP viti 3. Safari hii ZPPP ilisimama upande mmoja na ZNP, ikaunda nayo serikali ya mseto yenye viti 13, na Muhammad Shamte akawa Waziri Kiongozi. Wakati huohuo, ASP ilikuwa imepata karibu nusu ya kura zote zilizopigwa, nyingi zaidi kuliko chama kingine chochote. Wafuasi wake walijiuliza iweje waliopigiwa kura nyingi zaidi wawe nje ya serikali.

Kura nyingi, viti vichache

Jibu la swali hilo linapatikana katika mfumo wa majimbo. Tuchukue mfano wa majimbo matatu yenye wapiga kura 1,000 kila moja. Chama cha kwanza kikipata kura 900 katika jimbo moja na 450 katika kila jimbo kati ya mawili yaliyobaki, jumla yake ni kura 1,800. Chama cha pili kitakuwa na 100, kisha 550 na 550, yaani kura 1,200. Chama cha pili ndicho kitakachopata viti viwili, na cha kwanza, chenye kura 600 zaidi, kitapata kimoja.

Hali ya Zanzibar ilifanana na mfano huo. ASP ilikuwa na ushindi mkubwa katika majimbo yake ya Unguja, ambako kura za ziada hazikuiongezea kiti. Wapinzani wake walishinda majimbo kadhaa kwa tofauti ndogo. Julai 1963, katika uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru, viti vilikuwa vimeongezwa hadi 31. ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote lakini ikaambulia viti 13. ZNP ilipata 12 na ZPPP 6, jumla 18. Serikali ya mseto ikabaki madarakani, ikapokea uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na ikaondolewa kwa Mapinduzi siku 33 baadaye. Karume akawa Rais, na tarehe 26 Aprili 1964 Zanzibar ikaungana na Tanganyika.

Mapinduzi hayo yalikuwa na sababu nyingi zaidi ya uchaguzi: ardhi, ajira, elimu na historia ndefu ya matabaka. Lakini chaguzi tatu mfululizo ambazo wengi hawakuamini kuwa zilitoa haki ziliondoa njia ya amani ambayo watu wangeweza kuitegemea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Marekani nayo ilipita huko

Zanzibar haikuwa ya kwanza kukwama kwa sababu ya sare. Katika uchaguzi wa Rais wa Marekani wa mwaka 1800, kila mjumbe wa uchaguzi alipiga kura mbili bila kutaja ipi ni ya Rais na ipi ni ya Makamu. Thomas Jefferson na Aaron Burr, wagombea wa chama kimoja, wakapata kura 73 kila mmoja. Baraza la Wawakilishi lilipiga kura mara 36 kabla ya Jefferson kushinda tarehe 17 Februari 1801. Mwaka 1804 Katiba ilirekebishwa ili kura ya Rais na ya Makamu zitenganishwe.

Mwaka 1824 ilitokea kasoro ya namna nyingine. Andrew Jackson aliongoza kwa kura za wananchi na kwa kura 99 za wajumbe, lakini hakufikia nusu iliyotakiwa. Uamuzi ulirudi tena Baraza la Wawakilishi, nalo likamchagua John Quincy Adams, aliyekuwa wa pili. Wafuasi wa Jackson walilalamika kwa miaka minne, wakajipanga upya, na mwaka 1828 mgombea wao akashinda. Pamoja na uchungu wote, walioshindwa waliamini kwamba uchaguzi unaofuata ungewapa nafasi. Imani ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa imetoweka Zanzibar kufikia mwishoni mwa mwaka 1963.

Hali ilivyokuwa Tanganyika

Katika miaka hiyohiyo, Tanganyika ilikuwa na uzoefu tofauti kabisa. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na wagombea wake 58 walipita bila kupingwa. Uchaguzi wa kwanza wa Rais ulifanyika Novemba 1962. Mwalimu Julius Nyerere alipata zaidi ya kura milioni 1.1, na mpinzani wake, Zuberi Mtemvu wa African National Congress, alipata kura zaidi kidogo ya 21,000. Wazazi na mabibi wa Rungwe waliopiga kura enzi hizo hawakuwahi kukabiliwa na swali la sare. Muungano wa 1964 ulikutanisha pande mbili zenye kumbukumbu tofauti za sanduku la kura, na tofauti hiyo ilionekana tena mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992.

Kutoka ushindani hadi maridhiano

Katika uchaguzi wa Rais wa Zanzibar wa mwaka 1995, Dkt. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya asilimia 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Nusu mbili za mwaka 1961 zilikuwa zimejitokeza upya. Miaka iliyofuata ilikuwa na mivutano na, Januari 2001, kupotea kwa maisha ya watu. Miafaka ya vyama hivyo viwili ilitiwa saini mwaka 1999 na 2001, lakini hatua kubwa zaidi ilikuja Novemba 2009, pale Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walipokutana na kuridhiana.

Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 ikarekebishwa ili Makamu wa Kwanza wa Rais atoke katika chama kinachoshika nafasi ya pili, kwa masharti yaliyowekwa. Miezi michache baadaye Dkt. Ali Mohamed Shein alishinda kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1 za Maalim Seif, na uchaguzi huo ukamalizika kwa utulivu. Tofauti ya kura ilikuwa ndogo kama ile ya 1995, lakini safari hii aliyeshindwa alikuwa na nafasi katika serikali.

Utaratibu huo haukumaliza kila tatizo. Matokeo ya mwaka 2015 yalifutwa, uchaguzi ukarudiwa Machi 2016 na CUF ikaususia. Hata hivyo, Desemba 2020 chama cha ACT-Wazalendo kilikubali kuingia katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na Maalim Seif akawa tena Makamu wa Kwanza wa Rais hadi alipofariki Februari 2021.

Jambo la kuzingatia kwa mpiga kura

Kanuni ya kumpata mshindi si ileile kila mahali. Kwa Rais wa Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 41 ya Katiba inasema mshindi ni mgombea aliyepata kura nyingi zaidi kuliko mgombea mwingine yeyote, bila sharti la kuvuka nusu. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inataka mshindi avuke nusu ya kura zote na apate angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, la sivyo uchaguzi huingia duru ya pili. Kwa ubunge na udiwani, anayeongoza katika jimbo au kata yake ndiye mshindi, na kura za ziada katika jimbo moja hazihamishiwi jingine.

Mpiga kura wa Kisiba anayejua kanuni hizo kabla ya siku ya uchaguzi ataelewa matokeo yanapobandikwa kituoni, na atatofautisha matokeo yasiyompendeza na matokeo yasiyofuata sheria. Chake Chake ilionesha mwaka 1961 kwamba kura moja inaweza kuamua jimbo na hata Baraza zima. Mwananchi ambaye hajahakiki taarifa zake katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, au aliyehama kata bila kuzirekebisha, anajiondoa mwenyewe katika hesabu hiyo.